Siku Tano za Kujifunza Kukesha: Tathmini ya Mafunzo ya Wachungaji

Nimerudi kutoka katika mafunzo ya siku tano yaliyoandaliwa kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, ambayo mada yake ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kukesha kwa kiongozi wa kundi, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa kutenga juma zima kwa jambo hilo, nimeona niandike tathmini hii kwa utaratibu badala ya kumjibu kila mmoja peke yake. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba yanafaa. Siku mbili kati ya hizo tano zilikuwa bora kuliko mafunzo yoyote ya uchungaji niliyopata kuhudhuria tangu niwekewe mikono. Siku moja ilinisikitisha. Na lipo pengo ambalo waandaaji waliliacha wazi, nalo, kwa maoni yangu, liko katikati kabisa ya mada yenyewe.

Nakiri kwamba nilikwenda nikiwa na mashaka. Neno kukesha limetumika sana makanisani hata limepungua uzito, na ukimwambia muumini leo kwamba kanisa linakesha, ataelewa kwamba kuna maombi ya usiku, vipaza sauti na nyimbo mpaka alfajiri, kisha kila mtu anakwenda zake kulala. Mwezeshaji wa kwanza, mchungaji mstaafu mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimu kusogeza viti mbele, aliligusa jambo hilo kabla hatujamaliza kufungua madaftari. Aliandika ubaoni maneno mawili, mkesha na kukesha, akatuuliza yanatofautiana wapi, akanyamaza muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya walimu. Majibu yalipokwisha alisema kwamba mkesha una saa ya kuanza na saa ya kumaliza, lakini kukesha anakokutaja Bwana Yesu katika Marko 13 hakuna ratiba, kwa sababu mngoja mlango wa mfano ule hakuambiwa kama mwenye nyumba atarudi jioni, au usiku wa manane, au awikapo jimbi, au asubuhi. Mtu anaweza kuhudhuria mikesha yote ya mwaka na asiwe anakesha hata siku moja.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha lugha, na ingawa vipindi vya namna hiyo mara nyingi huwa vikavu, hiki hakikuwa hivyo. Agano Jipya la Kigiriki hutumia vitenzi vitatu ambavyo katika Kiswahili huishia karibu mahali pamoja. Cha kwanza ni gregoreo, kuwa macho, ambacho ndicho kilichozaa jina la Gregorio. Cha pili ni agrupneo, kukosa usingizi, na ndicho kilichomo katika Waebrania 13:17, pale viongozi wanaposemwa kwamba wanakesha kwa ajili ya roho za watu kama watu watakaotoa hesabu. Cha tatu ni nefo, ambacho asili yake ni hali ya mtu asiyelewa, na Biblia yetu hukitafsiri kwa kuwa na kiasi. Vitenzi viwili kati ya hivyo, cha kwanza na cha tatu, vimesimama bega kwa bega katika 1 Petro 5:8, penye habari ya simba angurumaye anayezunguka-zunguka akitafuta mtu ammeze. Mwezeshaji aliishia hapo, lakini mwinjilisti mmoja kijana aliyekaa nyuma yangu aliinua mkono akasema kwamba barua hiyo ina jina la mtu yule yule, Simoni Petro, aliyeulizwa na Yesu kule Gethsemane, "Simoni, je! Umelala?" Ukumbi ulitulia. Katika muda wote wa mafunzo sikusikia maoni mazuri zaidi ya hayo, na hayakuwamo katika kitini cha mafunzo tulichogawiwa.

Ningependa waandaaji waongeze pia yale ambayo Kiswahili chenyewe kinatupa bila gharama. Kazi ya mchungaji ni kuchunga, na mtu akiona hatari humwonya mwenzake kwa kitenzi hicho hicho, akimwambia achunge, au ajichunge. Neno askofu nalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka katika Kigiriki episkopos, na hilo hilo ndilo linalotafsiriwa waangalizi katika Matendo 20:28, kwa hiyo askofu na mwangalizi ni neno moja lililopita njia mbili. Yaani macho yamo ndani ya jina la kazi yetu kabla hatujaanza kuongeza vyeo.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niyasamehe mafunzo haya mengi ya yaliyofuata. Ilitumika yote, asubuhi na alasiri, kwa sura moja, Matendo 20, kuanzia pale Paulo, akiharakisha kwenda Yerusalemu kwa ajili ya Pentekoste, anapowaita Mileto wazee wa kanisa la Efeso ili awaage. Tuliisoma hotuba ile kwa sauti mara tatu, kila mara msomaji mwingine, bila maelezo yoyote katikati. Mara ya kwanza niliisikia kama nilivyozoea kuisikia, yaani kama onyo kuhusu mbwa-mwitu. Mara ya tatu nilisikia mpangilio wake. Paulo haanzi na mbwa-mwitu. Onyo lake linaanza, katika mstari wa 28, na "jitunzeni nafsi zenu", kisha "na lile kundi lote nalo", na ndipo baadaye, katika mstari wa 29, wanapotokea mbwa-mwitu wakali. Tena hata hapo haishii kwao, kwa maana mstari wa 30 unasema kwamba katika ninyi wenyewe watainuka watu wakisema mapotovu. Wasikilizaji wake hawakuwa umati. Walikuwa wazee, kikundi cha watu waliofahamiana, na kila mmoja wao bila shaka aliangalia kushoto na kulia aliposikia maneno hayo.

Mwezeshaji alitubana hapo kwa muda mrefu, na ninashukuru kwamba hakutuachilia mapema. Alituuliza kwa nini nafsi ya mlinzi itajwe kabla ya kundi, wakati ambapo adabu ingetaka kundi litangulie. Wengine walijibu kwamba kiongozi ni kielelezo, jibu ambalo ni sahihi lakini ni jepesi. Yeye alisema kwamba mbwa-mwitu aingiaye kwa mlango wa mchungaji hahitaji kuruka ua, na akatuonyesha kwamba Paulo, baada tu ya kusema kesheni na kukumbusha miaka mitatu ya kuonya usiku na mchana kwa machozi, anaingia moja kwa moja katika habari ya fedha: hakutamani fedha wala dhahabu, wala mavazi ya mtu. Wahubiri wengi, na mimi nikiwamo, tumezoea kuukata mstari wa 33 na kuuhubiri peke yake wakati wa mada ya utoaji. Ukiuacha mahali pake unaona kwamba ni sehemu ya habari ya kukesha, kwa kuwa mtu anayetamani mavazi ya kondoo hawezi kuwa na macho ya kumlinda kondoo mwenyewe.

Alasiri tulipewa historia kidogo, na hapo alitajwa Richard Baxter wa Kidderminster, Uingereza, ambaye mwishoni mwa mwaka 1655 alitarajiwa kuzungumza na wachungaji wenzake mjini Worcester, akazuiwa na ugonjwa, akaamua kuyachapisha aliyokusudia kuyasema, na mwaka 1656 kikatoka kitabu kizima kilichojengwa juu ya mstari ule mmoja wa 28. Kilichonigusa si kitabu bali ratiba yake. Yeye na msaidizi wake walitenga siku mbili kila juma, Jumatatu na Jumanne, kwa ajili ya kuzungumza na familia moja baada ya nyingine, wakapanga kuzimaliza familia zaidi ya 800 za mahali pale ndani ya mwaka. Kukesha kulikuwa na kalenda. Zingatieni pia lile neno msaidizi, maana nitalirudia.

Kabla ya kufunga siku hiyo kulikuwa na kipindi kifupi juu ya Sardi, kanisa lililoambiwa katika Ufunuo 3 kwamba lina jina la kuwa hai nalo limekufa, kisha likaamriwa kukesha. Mwezeshaji alieleza kwamba ngome ya Sardi ilijengwa juu ya mwamba wenye magenge makali, na wenyeji waliamini kwamba upande wa magenge haukuhitaji mlinzi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia kwamba katika karne ya 6 KK, majeshi ya Koreshi mfalme wa Uajemi yalipouzingira mji, askari mmoja alimwona mlinzi akishuka gengeni kuifuata kofia yake ya chuma iliyoanguka, akaiweka njia ile kichwani, kisha akaipanda, na wenzake wakamfuata. Zaidi ya miaka 300 baadaye, wakati wa mfalme Antioko wa Tatu, mji huo huo ulitekwa tena kwa kupandwa mahali pasipolindwa. Hakutuambia tujiulize magenge yetu ni yapi; alifunga Biblia akatutakia mapumziko mema. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo, na hapo ndipo nilipoumia. Tulipewa kila mmoja karatasi tupu, tukaambiwa tuandike, bila kufungua daftari wala simu, majina ya watu kumi wa usharika ambao hatujawaona ibadani kwa mwezi mmoja uliopita, na mbele ya kila jina tuandike sababu. Niliandika majina manne. Mbele ya mawili kati ya hayo sikuwa na sababu ya kuandika. Dakika zilivyozidi kwenda niliona wenzangu nao wakiwa wameinamia karatasi zenye nafasi nyeupe, na mchungaji mmoja mzee kuliko sisi wote akiandika bila kusita, jina baada ya jina, mpaka akageuza ukurasa.

Katika usharika mmoja nilioutumikia zamani alikuwako mzee ambaye kila Jumapili alikaa benchi la tatu, upande wa dirisha, na fimbo yake aliilaza sakafuni chini ya miguu yake ili isimkwaze mtu. Nilikuja kugundua kwamba hayupo siku fimbo iliponikumbusha, yaani siku mtoto mmoja alipopita mbio katika nafasi ile na mimi, nikiwa madhabahuni, nikashtuka nikidhani atajikwaa, kisha nikaona kwamba hakuna fimbo. Nilipouliza baada ya ibada niliambiwa kwamba alikuwa na majuma saba bila kuja, kwamba alikuwa ameacha kuona vizuri, na kwamba aliona haya kuomba mtu wa kumshika mkono. Wakati wa majuma hayo saba nilikuwa nimehubiri mfululizo wa mahubiri juu ya kukesha. Sijawahi kuyahubiri tena. Mchungaji wa Luka 15 aliweza kujua kwamba mmoja amepotea kwa sababu aliwahesabu mia, na kwa zoezi lile la karatasi peke yake ningelipa ada ya mafunzo haya mara ya pili.

Sehemu ya fedha na ya faragha ilikuwa nzuri pia, yenye maelekezo yanayoshikika. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, hesabu iandikwe na kutiwa sahihi kabla mtu yeyote hajatoka chumbani, na mchungaji asiwe na ufunguo wa sanduku wala asitie sahihi peke yake katika jambo lolote la benki. Chumba cha ushauri kiwe na kioo mlangoni, na mtu mwingine awepo jengoni. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja peke yake mahali palipofungwa, hata kama mtu huyo ni mwalimu wa Shule ya Jumapili wa miaka ishirini, na shutuma ikitokea isimalizwe kimya kimya ofisini kwa kuogopa jina la kanisa kuchafuka, bali ipelekwe kwa vyombo vya sheria. Juu ya hili la mwisho mwezeshaji alisema kwa ukali ambao nilitamani usikike kwa maaskofu wote. Kuhusu simu, mama mchungaji mmoja alitusaidia kuliko kitini. Alisema kwamba dalili ya kwanza aliyoiona kwa mumewe, muda mrefu kabla mume mwenyewe hajakiri kwamba anazama, ni kwamba aliacha kuiweka simu mezani wakati wa chakula. Hakusema zaidi, wala hakuna aliyemuuliza.

Sasa nifike siku ya nne, ambayo iliongozwa na mwezeshaji mwingine, na ambayo nisingependa irudiwe kama ilivyokuwa. Mada yake ilikuwa mbwa-mwitu, yaani mafundisho potofu na watu wanaoyaingiza, na ni kweli kwamba mchungaji asiyeweza kuutambua uongo unapopanda madhabahuni kwake ameacha lindo. Lakini tangu asubuhi somo liligeuka kuwa somo la kutilia watu shaka. Tulifundishwa dalili za mshirika mwenye nia mbaya, na orodha yenyewe ilikuwa pana mno: anayeuliza maswali mengi, anayekutana na wenzake nyumbani bila taarifa, anayesikiliza wahubiri wengine, anayekataa kazi aliyopewa. Kwa kipimo hicho waumini wa Beroya, wanaosifiwa katika Matendo 17 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, wangeandikwa katika daftari la mchungaji kuwa hatari. Baada ya mapumziko ya saa nne tuliambiwa kwamba mchungaji mwenye hekima ana sikio katika kila kikundi, kwaya, vijana, akina mama, mtu wa kumletea habari. Niliinua mkono nikauliza kama sikio hilo linajulikana na wanakikundi. Nilijibiwa kwamba likijulikana halitasikia kitu.

Kuchunga si kuchunguza, na tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo kama inavyosikika mdomoni. Mlinzi wa Ezekieli 33 amesimama ukutani akitazama nje upanga ujao, na akiuona anapiga tarumbeta ili kila mtu asikie. Hafungi tarumbeta kitambaani akashuka kwenda kuchungulia madirisha ya majirani. Mchungaji anayekusanya habari kwa siri hujenga kanisa la watu wanaosema kwa kunong'ona, na katika kunong'ona ndimo mapotovu yanamoota vizuri zaidi, maana hakuna wa kuyapinga hadharani.

Kilichonishangaza ni kwamba jibu la kosa hili liko katika kanisa lile lile la Efeso ambalo tulilisoma siku ya pili, na hakuna mwezeshaji aliyelileta. Wale wazee wa Mileto waliondoka na onyo, na inaonekana kanisa lao lililishika, kwa kuwa katika Ufunuo 2 Efeso inasifiwa kwamba haiwezi kuchukuliana na watu wabaya, na kwamba imewajaribu wale wajiitao mitume, nao sio, ikawaona kuwa waongo. Mtihani wa mbwa-mwitu waliufaulu. Lakini neno linalofuata mara moja ni kwamba wameuacha upendo wao wa kwanza. Kundi linaweza kulindwa vizuri mlangoni huku ndani likipoa mpaka hakuna aliye na joto la kumpa mwenzake, na mlinzi asitambue, kwa sababu macho yake yote yako nje. Kama waandaaji watabadilisha kitu kimoja katika siku ya nne, basi waanze asubuhi ile na Ufunuo 2 kabla ya kutaja jina la mzushi yeyote.

Jambo la pili ninalolalamikia linahusu usiku. Ratiba ilikuwa na kipindi cha maombi kilichoanza saa tatu usiku na kuendelea hadi karibu saa saba, kila siku, na kipindi cha asubuhi kilianza saa kumi na moja na nusu. Usiku wa tatu mwenzangu wa upande wa kulia, mchungaji aliyesafiri siku mbili kuja pale baada ya kuongoza mazishi mawili katika juma lililotangulia, alisinzia. Aliinama polepole mpaka paji la uso likagusa kitini chake cha mafunzo, na kalamu ikamtoka mkononi ikabingirika chini ya viti vya mbele. Aliyekuwa anaongoza alimwona, akanyamaza, kisha akasoma kwa sauti kubwa swali la Gethsemane, kwamba hukuweza kukesha hata saa moja. Watu walicheka. Mwenzangu aliamka akacheka pia, akiwa ametahayari, na kipindi kilipoendelea alisimama akabaki amesimama ukutani mpaka mwisho.

Nisingelisimulia tukio hilo kama lingekuwa utani tu. Linaonyesha wazo lililotawala mafunzo yote bila kusemwa, yaani kwamba mchungaji akeshaye ni mtu mmoja asiyelala. Yakobo anajieleza hivyo mbele ya Labani, kwamba usingizi ulimtoka machoni, na sisi tunampenda kwa hilo. Lakini Yakobo alikuwa mtu wa kuajiriwa chini ya bwana mdanganyifu, na sidhani kama tunatakiwa kuifanya hali yake kuwa kipimo cha huduma. Hata pale Gethsemane, aliyeuliza swali lile ndiye aliyesema papo hapo kwamba roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Na Eliya alipolala chini ya mretemu akitaka kufa, malaika hakumkemea kwa kulala. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, akamwacha alale tena, akamgusa mara ya pili.

Wachungaji wa Bethlehemu wametajwa katika Luka 2:8 kwa maneno ambayo tumeyasoma kila Krismasi bila kuyaona, kwamba walikuwa wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. Kwa zamu. Watu waliojua kondoo ni nini, wakiwa makondeni ambako mbwa-mwitu hakuwa mfano wa mahubiri, walikubaliana nani alale na nani aamke, na yule aliyelala aliweza kulala kwa sababu mwenzake alikuwa macho. Hili ndilo pengo nililolitaja mwanzoni. Siku tano nzima tulifundishwa kujitunza na kulitunza kundi, lakini swali la nani anamtazama mchungaji, nani ana ruhusa ya kumwambia kwamba amechoka, au kwamba mahubiri yake yamekuwa ya hasira, au kwamba haonekani tena nyumbani kwake, lilipewa nusu ukurasa mwishoni mwa kitini, chini ya kichwa kinachosema "Uwajibikaji", na halikupewa kipindi. Daudi alikuwa na walinzi wengi siku ile alipotembea juu ya dari la nyumba ya mfalme, wakati jeshi lake liko vitani. Walinzi hao walimlinda dhidi ya kila mtu isipokuwa dhidi yake mwenyewe, na wajumbe waliotumwa kumleta mwanamke walikwenda wakamleta. Nabii Nathani alikuja kumkemea baadaye, Uria, mume wa mwanamke huyo, akiwa amekwisha kufa. Kinachotakiwa katika makanisa yetu ni mtu wa kusema kabla wajumbe hawajatumwa, na mtu huyo hatokei kwa bahati. Anachaguliwa, anapewa siku ya kuonana na mchungaji, na anapewa haki ya kuuliza mambo yenye majina na tarakimu.

Paulo hakuwaita Mileto mtu mmoja. Aliwaita wazee, kwa wingi, na kesheni yake ni ya wingi. Baxter hakuzimaliza familia zake 800 bila msaidizi. Nehemia aliweka watu wa kulinda mchana na usiku, akawapanga kwa jamaa zao mahali ukuta wa Yerusalemu ulipokuwa chini. Mambo haya yote yalikuwa mezani katika mafunzo yenyewe, nayo hayakuunganishwa.

Kuhusu huduma kwa ujumla sina mengi. Ukumbi ulikuwa na hewa ya kutosha, malazi yalikuwa safi, vipindi vya mchana vilianza kwa wakati, na maswali yalijibiwa kwa adabu isipokuwa siku ya nne. Kitini kimechapwa vizuri lakini marejeo ya Biblia yana makosa kadhaa. Isaya 56:10, penye mbwa walio bubu wasioweza kulia, pameandikwa 65:10, na anayejiandaa usiku kwa ajili ya kipindi atapoteza muda. Siku ya tano ilikuwa ya kuandika mpango binafsi wa maombi na kusoma, ikapita bila madhara na bila faida kubwa. Vyeti viligawiwa kwa sherehe ndefu kuliko kipindi cha Sardi, jambo ambalo nadhani lilimchosha hata mchungaji mstaafu, kwa maana alionekana akisoma Biblia yake wakati wa hotuba.

Niliwaandikia waandaaji maoni haya, kwa maneno ya upole kidogo kuliko haya, na walinijibu kwamba vipindi vya usiku vitapunguzwa katika awamu ijayo na kwamba suala la siku ya nne litaangaliwa. Tangazo lao bado linasema kwamba wazee wa kanisa wanakaribishwa. Katika washiriki 31 wa awamu yetu alikuwamo mzee mmoja tu, aliyekuja na mchungaji wake, na siku ya tatu, wakati wa zoezi la majina, wawili hao waliruhusiwa kuandika karatasi moja. Karatasi yao ilijaa. Kwa hiyo anayetaka kwenda, na ninasema aende, asijiandikishe peke yake. Achukue mzee mmoja wa usharika wake, hasa yule ambaye huwa hakubaliani naye kwenye vikao, na waombe wakae meza moja.